Jibu: Supamaketi kando ya mwalo, wakazi tushirikishwe vipi?

Habari za jioni, ndugu. Umeuliza wakazi wa mtaa wenu hapa Kigoma wafanye nini, ikiwa mwekezaji wa supamaketi anataka kujenga upya eneo la mwalo, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, nao wameitwa kikaoni mara moja tu, wakasaini mahudhurio.

Anzeni na karatasi hiyo. Kwetu, majina yaliyoandikwa kwa ajili ya nauli yaliambatishwa baadaye kama ridhaa ya wananchi, jambo linaloniuma hadi leo. Kwa hiyo andikeni juu ya kila ukurasa "mahudhurio tu", kisha mpige picha.

Pimeni pia umbali kutoka ukingo wa maji, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Halafu mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa katika siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Siku za giza wavuvi hukesha ziwani na akina mama huanika dagaa tangu alfajiri, hivyo kikao cha saa nne asubuhi huwakosa wale wale watakaopoteza uwanja wa kuanikia.