Hujawahi kuwa mwenyekiti? Omba hivyo hivyo

Mpwa wangu wa Ngamiani, kwetu Tanga, ameniuliza kama aachane na mpango wa kuomba MBA, shahada ya uzamili ya biashara, huku Uingereza, kwa kuwa vyuo vinataka uongozi naye hajawahi kuwa hata kiranja wa darasa. Swali hilo nimeshaulizwa na wengine wa Makorora na Pangani, basi nawajibu wote kwa pamoja.

Usiache. Wanamtafuta mtu ambaye wenzake walimfuata bila kulazimishwa, na jambo likabadilika. Insha nyingi za maombi ninazotumiwa kutoka nyumbani ni orodha ya vyeo: kiranja mkuu, katibu wa tawi, rais wa serikali ya wanafunzi. Cheo hakimwambii msomaji chochote mpaka ajue ulikifanyia nini.

Kijana mmoja, mhasibu kwa wakala wa forodha pale bandarini, alinitumia insha ya namna hiyo. Nikampigia simu. Katika kuongea akagusia kikoba cha mama yake, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mwanachama alifariki akiwa na mkopo, kikundi kikagawanyika: hawa wanataka watoto wa marehemu walipe, hawa wanasema deni lisamehewe. Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, na mama mmoja akagoma kuja na wa kwake. Hakuna kuweka, hakuna kukopa. Kijana hakuwa na cheo chochote pale, alikuwa akiwasaidia kuandika daftari tu. Hakuitisha kikao. Alikwenda kwanza kwa yule mama, akakaa naye barazani, akamsikiliza mpaka akajua kinachomsumbua: katiba ya kikundi haikutaja kifo, naye umri umekwenda na ana mkopo, anaogopa wajukuu wake watakuja kudaiwa. Kijana akaandika kifungu kimoja, kwamba mkopo wa marehemu ulipwe na mfuko wa jamii wa kikundi chenyewe, akapita nyumba kwa nyumba na hesabu mkononi. Kikao kilipokaa, aliyesimama kukitetea kifungu ni yule mama. Sanduku likafunguliwa.

Nikamwambia, insha yako ndiyo hiyo. Akashangaa: "Hayo si mambo ya kinamama tu?"

Hapo ndipo tunapojipunja, na inaniuma. Tumelelewa tusijisifu, kwa hiyo tunaandika "tulifanikiwa", "kikundi kiliamua". Adabu hiyo naipenda na ninawafundisha wanangu huku. Lakini kwenye insha taja wewe ulifanya nini, nani alikupinga, ulimwambia nini, ikawaje. Kwenye usaili watakuchimba hapo hapo, na aliyebuni kisa hukwama swali la pili.

Tena msiwakimbilie wabunge na wakuu wa wilaya wawaandikie barua za mapendekezo. Vyuo vingi humuuliza mwandishi wa barua ni ukosoaji gani mkubwa aliowahi kukupa na wewe uliupokeaje. Anayeweza kujibu hilo ni bosi wako wa kila siku, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja Chumbageni.

Kwa nini vyuo vinakazania uongozi hivyo? Huku unatupwa kwenye kundi la watu wa nchi tano au sita, wote hodari, hakuna anayejua kwenu ulikuwa nani, na kazi lazima itoke kesho asubuhi. Darasani usipofungua mdomo unaonekana hujaja, na mahali pengi kuchangia kuna alama zake. Wenzetu wengi wapole huumia sana miezi ya mwanzo. Upweke wa baridi upo, sitawadanganya, na pesa ndiyo zaidi: ada ya MBA pale London Business School imeshapita pauni 100,000, bado chumba na chakula.

Ndiyo maana nawasukuma kwenye ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao nao una swali la uongozi. Masharti yake myajue mapema: ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili, ada ya MBA wanailipia mpaka kiwango fulani tu, na wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800. Kazi ya kujitolea nayo inahesabiwa, kwa hiyo anayeandika daftari la kikoba aanze leo kuweka kumbukumbu ya tarehe na saa zake.