Usimpe kikombe cha tano, wepesi wa uji ndio tatizo

Weka hicho kikombe chini kwanza, mama. Mtoto ana miezi 18 na kilo 10, anakunywa uji vikombe vinne kwa siku na supu ya mboga jioni, saa moja baadaye analia njaa, nawe unauliza kama umpe kikombe cha tano, dawa ya minyoo, dawa ya vitamini, au umwachishe ziwa ili ale vizuri. Cha tano hapana! Nimeshalifanya kosa hilohilo, tena kwa kujiamini, jagi mkononi.

Mwanao si mlafi. Tumbo la umri huo hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo lake linajaa kwenye mililita 300 hivi. Uji wa kunyweka kwenye kikombe cha ujazo huo una unga gramu 25, kilichobaki ni maji. Hapo pana kalori kama 90. Vikombe vinne, 360. Anahitaji karibu 900 kwa siku, na supu iliyochujwa ni maji mengine yenye chumvi. Tumbo linajaa ndi, anakojoa mara mbili, njaa imerudi. Ukiongeza cha tano kitakula nafasi ya ziwa, ambalo lina mafuta kuliko uji huo.

Nani alisema uji wa mtoto uwe mwepesi "usije ukamkaba"? Mimi aliyenipotosha alikuwa muuza unga wa lishe, ule wenye nafaka nyingi mpaka vidole vya kuhesabia vinaisha, na maelekezo ya kijiko kimoja kwa kikombe kizima cha maji. Kwa kipimo hicho hata ungesaga dhahabu, mtoto angekunywa maji ya dhahabu. Muuzaji alishiba, hilo siwezi kukataa.

Bakuli moja liwe hivi: unga gramu 40, kama vijiko vinne vya chakula vya kusawazisha. Ukoroge kwanza kwa maji baridi mililita 100. Ukiumwaga mkavu kwenye kitu cha moto utavuna mabonge. Mimina kwenye maziwa mililita 150 yanayochemka, punguza moto, koroga dakika 10 hadi 15. Epua, kisha tia kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia na kijiko cha chakula cha siagi laini ya karanga. (Kama hajawahi kula karanga, anza na ncha ya kijiko, ukae naye umwangalie. Karanga nzima usimpe kabisa, hizo ndizo zinazokaba.) Bakuli hilo lina kalori kama 380. Tumbo ni lilelile.

Sasa mtego. Uji ukipoa hukaza, kwa sababu wanga uliovimba kwa moto unashikamana. Mama anauona umekuwa kama gundi, anaongeza maji, na tumerudi kulekule. Ukikaza, legeza kwa maziwa ya moto. Au tumia kimea: loweka nafaka usiku mmoja, iache ichipue siku mbili tatu, ikaushe, sugua vimizizi na machipukizi yote yatoke, saga. Uji mzito ukishapungua moto kidogo, tia kijiko cha chai cha unga huo ukoroge. Ndani ya dakika chache unaanza kuteleza wenyewe, bila tone la maji, maana kimea hukatakata wanga. Uchemshe tena kidogo kuua vijidudu, halafu mpe. Mara ya kwanza utadhani kuna mtu kaongeza maji ukigeuka.

Kipimo changu ni kimoja: chota, inamisha kijiko. Uji ukidondoka kama maji, rudisha jikoni. Na apewe kwa kijiko. Chupa yenye tundu lililokatwa ndiyo inayowalazimisha watu kuuzimua.

Uji peke yake hauna madini ya chuma ya kutosha, kwa hiyo milo mingine iwe na yai, maharage yaliyopondwa, samaki asiye na miba au nyama iliyosagwa. Milo mitatu minne, na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, nayo pia hujaza tumbo na kufukuza chakula.

Ila kama njaa inakuja na kiu isiyoisha, mkojo mwingi na uzito kushuka, usisubiri uji wangu, mpeleke hospitali leo hii, apimwe sukari.

Ulikuwa umeuliza nini tena? Ziwa: usimwachishe, endelea mpaka miaka miwili na zaidi. Kesho asubuhi inamisha kijiko, uje utuambie kama uji umedondoka au umeng'ang'ania.