Tovuti ya darasa: picha zilizotoweka, kiungo cha ng'ombe na maswali mengine

Walimu wa kompyuta wameniletea maswali mengi kuhusu mradi wa wanafunzi kujenga tovuti. Nimechukua matano, nikayafupisha.

Nina kompyuta 11, wanafunzi 46, na intaneti ni ya simu yangu. Nianze au niache?

Anza, na bando lako litunze. Tovuti ni mafaili ndani ya folda: Notepad inaandika, kivinjari kinaonyesha, basi. Wiki ya kwanza usiwashe mashine hata moja. Kila kundi lichore kurasa zake kwenye karatasi ya manila, zisizidi nne, na mishale ya kuonyesha kiungo kipi kinakwenda wapi. Mkifika kwenye mashine, anayeshika kibodi abadilishwe kila dakika 10, la sivyo yule mwenye kompyuta nyumbani atajenga kila kitu na wenzake watabaki wapambe.

Ukurasa unafunguka vizuri kwenye mashine ya mwanafunzi. Nikiuhamisha kwa flashi, picha zote hazipo. Ni virusi?

Si virusi. Mwaka wangu wa kwanza niliwaalika wazazi waje waone kazi, na makundi matano yakaonyesha vikasha vitupu ukutani. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimewafundisha jambo hili.

Fungua faili uangalie mstari wa picha. Naamini utakuta kitu kama src="C:\Users\maabara3\Desktop\duka.jpg". Hiyo ni njia ya ndani ya mashine ile moja, kwingine haipo. Ndani ya folda ya mradi tengeneza folda ndogo iitwe picha, tia picha zote humo, kisha andika src="picha/duka.jpg". Ukihama, beba folda nzima.

Na majina yote yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi. Windows haijali kama umeandika Duka.JPG au duka.jpg, lakini seva nyingi za intaneti, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zinaendeshwa kwa Linux badala ya Windows, na Linux inajali. Ukiona ukurasa unafunguka kama maandishi matupu, shuku jina: Windows huficha mkia wa jina la faili, na kile unachodhani ni index.html huenda ni index.html.txt.

Kundi langu la ufugaji limekwama. Viungo vyote vinafanya kazi isipokuwa cha ng'ombe.

Nimecheka, kisha nikakumbuka nilivyohangaika nacho mwenyewe. Bila shaka wameandika href='ng'ombe.html'. Alama ya kwanza imefungua, ile ya ng' ikafunga, na kivinjari kinatafuta faili liitwalo "ng". Waambie watumie alama za nukuu mbilimbili, na faili waliite ngombe.html. Ng'ombe kamili abaki kwenye maandishi ya kusomwa na watu. Waambie pia wasiandikie kwenye Word, maana Word hupinda alama za nukuu, na kivinjari hakizitambui zilizopinda.

Kundi moja limeniletea tovuti kali mno, menyu inateleza yenyewe. Najua hawakuijenga. Niwape sifuri?

Bado. Keti nao kwenye mashine useme: "Kichwa kiwe cha kijani, halafu ongezeni mstari mmoja kwenye jedwali." Aliyejenga anafika pale bila kutafuta. Aliyeomba ChatGPT imjengee, au aliyefanya kopi pesti, atapanda na kushuka mpaka kengele ilie. Mimi nusu ya alama natoa katika kikao hicho, na wanafunzi wanajua tangu siku ya kwanza.

Lakini tazama na mada uliyowapa. Ukisema "Utalii wa Tanzania" umewakaribisha wanakili. Wape kitu kilicho nje ya geti la shule: bei za gengeni kwa wiki tatu, siku ambazo maji ya bomba hutoka mtaani. Kundi langu moja liliandika kuhusu fundi baiskeli wa njia panda, na picha ya vidole vyake vyeusi vikibana kiraka. Walipomwonyesha kwenye simu, alisoma jedwali la bei polepole akasema, "Kuziba pancha imepanda, wanangu." Wakarekebisha siku hiyo hiyo. Sijawahi kuona wanafunzi wakifungua faili kwa haraka namna ile.

Mkuu wa shule anataka iwekwe hewani, na picha na majina kamili ya wanafunzi.

Hewani sawa, sura na majina kamili hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Kwa walioniandikia kutoka Kenya, sheria yenu ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Jina la kwanza na kidato vinatosha.

Shule inaweza kuomba anwani inayoishia na .sc.tz, kwa Kenya .sc.ke. Kwa majaribio, GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani, ni bure, ila fungua akaunti wewe mwalimu, maana walio chini ya miaka 13 hawaruhusiwi. Kabla ya kupandisha, pitisha kila picha kwenye Paint upunguze upana hadi pikseli 1200 hivi. Picha ya simu ina MB tatu au nne, na mzazi mwenye bando dogo ataishiwa kabla hajafika ukurasa wa pili.