Maswali yenu kuhusu Raza Mir, mpigapicha aliyegeuka mwongozaji

Juzi nilitaja hapa, kwa sentensi moja tu, kwamba babu yake Ahad Raza Mir, yule kijana wa tamthilia za Pakistan, ndiye aliyepiga picha filamu ya kwanza ya nchi hiyo. Sentensi ile imezaa maswali mengi kuliko makala nzima. Nimeyafupisha kidogo, na haya hapa majibu.

Shikamoo. Mimi ni shabiki wa Ahad tangu tamthilia yake ya Yakeen Ka Safar. Ni kweli babu yake alikuwa mtu mkubwa wa sinema, au ni maneno ya mashabiki? (Tanga)

Marahaba, binti. Ni kweli kabisa. Raza Mir alishika kamera ya Teri Yaad, iliyotoka Lahore Agosti 1948, filamu ndefu ya kwanza ya Pakistan huru. Baadaye akawa mwongozaji: Beti (1964), Lakhon Mein Aik (1967), Parai Aag (1971), Naag Muni (1972). Mwanawe ni Asif Raza Mir, aliyependwa sana katika tamthilia ya Tanhaiyaan ya mwaka 1985, na waliotazama tamthilia ya Uingereza ya Gangs of London wamemwona tena uzeeni. Ahad ni mtoto wa Asif. Katika hao watatu, sura ambayo watazamaji hawakuizoea ni ya yule wa kwanza, na kazi yake ndiyo ninayoililia isisahauliwe.

Hiyo Teri Yaad ilipokewaje? Nimesoma mahali kwamba ilianguka. (Dodoma)

Ilianguka, ndiyo. Lakini tazama ilizaliwa katika hali gani. Kabla ya 1947 Lahore ulikuwa mji wa filamu wa kuheshimika, nyuma ya Bombay na Calcutta. Mwaka huo India ya Waingereza ilipogawanywa kuwa India na Pakistan, damu ikamwagika, na watayarishaji wengi waliokuwa Wahindu na Masingasinga wakakimbia. Studio ya Roop Shorey iliteketea, mwenyewe akaanza upya Bombay. Dalsukh Pancholi naye aliondoka, studio yake akaiacha mikononi mwa Dewan Sardari Lal, na huyo ndiye aliyeitayarisha Teri Yaad. Mwongozaji alikuwa Daud Chand. Mwigizaji wa kike, Asha Posley, aliimbishwa nyimbo zilizotungwa na baba yake mzazi, Inayat Ali Nath. Mwigizaji wa kiume alikuwa Nasir Khan, mdogo wake Dilip Kumar, nyota wa filamu za Bombay.

Watu walikuwa wametoka kuzika ndugu zao. Mafundi walitawanyika, vifaa vilikuwa haba, na kumbi zilezile za Lahore zilionyesha pia filamu za Bombay zenye nyota wakubwa. Nasir Khan mwenyewe alirudi Bombay. Kwangu mimi, kuimaliza tu ilikuwa ushindi, na sehemu kubwa ya ushindi huo ni ya mtu wa kamera, kwa sababu hakuna filamu bila picha inayoonekana.

Mpigapicha anapata wapi ujuzi wa kuongoza waigizaji? Si yeye anabonyeza tu kamera? (Mombasa)

Hapana, ndugu yangu, hapa lazima nikupinge. Mikanda ya filamu ya enzi zile ilihitaji mwanga mwingi sana. Kila sura iliwekewa taa yake: moja kubwa ya kuimulika, nyingine ya kulainisha kivuli, nyingine nyuma ya kichwa ili nywele nyeusi zisizame kwenye ukuta mweusi. Kwa picha ya karibu ya mwigizaji wa kike, wapigapicha walizoea kutandaza kitambaa chepesi mbele ya lenzi ili uso uwe laini. Nje, vijana walishika mbao zilizobandikwa karatasi ya fedha kurudishia jua usoni mwa mwigizaji.

Sasa fikiria: huwezi kuipanga taa ya machozi kama hujui chozi litaanguka katika neno gani na bibie atageukia upande gani. Kwa hiyo mpigapicha anaisoma hadithi kwa makini ya ajabu, na siku ya kazi ndiye aliye karibu zaidi na uso wa mwigizaji. Uongo wa chozi huuona kabla ya mwongozaji.

Wala Raza Mir hakuwa peke yake. Wazee wetu waliojaa kwenye sinema za Unguja na Dar kuitazama Awaara (1951) waliiona kazi ya Radhu Karmakar, mpigapicha wa Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji mashuhuri wa India. Karmakar naye aliongoza filamu, Jis Desh Mein Ganga Behti Hai (1960), na ikachukua tuzo ya Filmfare ya India ya filamu bora.

Kama nitatazama filamu moja tu ya Raza Mir, iwe ipi? (Unguja)

Lakhon Mein Aik, bila kusitasita.

Kumbuka mwaka: 1967. Vita vya India na Pakistan vilikuwa vimepiganwa miaka miwili tu nyuma, na Pakistan ilishapiga marufuku filamu za India. Katika hali hiyo, Raza Mir alichukua hadithi ya Zia Sarhadi, mwandishi aliyewahi kuongoza Hum Log na Footpath kule Bombay, akamweka katikati ya filamu binti wa Kihindu. Jina lake Shakuntala. Mgawanyo wa nchi umemwacha upande wa Pakistan, akalelewa na rafiki Mwislamu wa baba yake, akapendana na kijana Mwislamu. Jamii ikakataa. Mwisho sikutobolei, ila uwe na leso.

Angeweza kutengeneza filamu ya kulaani jirani, na tiketi zingeuzika. Badala yake aliwaomba watu wa Lahore na Karachi wamlilie msichana ambaye redio iliwaambia ni wa upande wa adui, na wakamlilia. Shamim Ara, aliyemwigiza Shakuntala, alipata tuzo ya Nigar, tuzo ya filamu ya Pakistan, kwa kazi hiyo.

Usikilize hasa wimbo wa Chalo achha hua tum bhool gaye, maneno ya mwanamke anayesema si neno, vizuri umenisahau. Midomo ni ya Shamim Ara, sauti ni ya mwimbaji Noor Jehan, iliyorekodiwa kwanza studio. Na shujaa wa filamu ni Ejaz Durrani, ambaye wakati huo alikuwa mume wa Noor Jehan mwenyewe. Mimi kila nikiusikia huwa nalifikiria hilo.

Mtazame pia Mustafa Qureshi, hii ikiwa filamu yake ya kwanza ya Kiurdu, lugha ya taifa ya Pakistan. Mwaka 1979 ndiye aliyekuja kuwa yule katili wa kutisha katika filamu ya Maula Jatt.

Filamu ya Kiurdu na filamu ya Kihindi zina tofauti gani? Mimi nasikia lugha ileile. (Kigoma)

Sikio lako halijakudanganya. Maandishi ni tofauti, na msamiati mzito hutofautiana, lakini katika mazungumzo ya kawaida watu wa Lahore na wa Delhi wanaelewana. Nyimbo nyingi za Bombay ziliandikwa na washairi wa Kiurdu kama Sahir Ludhianvi, Majrooh Sultanpuri na Shakeel Badayuni.

Kuna mtu ameniambia Henna ya Raj Kapoor imeibwa kutoka Lakhon Mein Aik. Kweli? (Muscat)

Madai hayo yapo siku nyingi. Henna ilitoka 1991, baada ya Raj Kapoor kufariki, mwanawe Randhir akaimalizia. Kufanana kupo: mapenzi ya dini mbili na mpaka unaoua, ila safari hii kijana ni Mhindu wa India na msichana ni Mwislamu wa Pakistan. Lakini hadithi yake ni ya K. A. Abbas, mwandishi wa Awaara, na wizi ni neno zito la kumtupia mtu kama yule. Maumivu ya 1947 walikuwa nayo waandishi wa pande zote mbili.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mazungumzo ya Henna yaliandikwa na Haseena Moin wa Karachi, ndiye aliyeandika Tanhaiyaan, ile iliyompa umaarufu mtoto wa Raza Mir. Zitazame filamu zote mbili, Lakhon Mein Aik ikiwa ya kwanza na Henna ya pili, kisha uniandikie umeonaje.