Wi-Fi inayogoma mashine ikiamka kutoka Hibernate

Mkuu, umesema mashine yako ya Windows 10 ukiilaza kwa Hibernate (usingizi mzito unaohifadhi kazi zako kwenye diski na kukata umeme), ikiamka Wi-Fi haipo. Ukiizima na kuiwasha bado haipo, ila ukibonyeza Restart inarudi. Hapo kwenye Restart ndipo jibu lilipo.

Kuanzia Windows 8, "Shut down" ya kawaida haizimi kila kitu iwapo Fast Startup (mpangilio wa kuharakisha kuwaka) imewashwa. Programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha Windows na draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi) vinahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na kurudishwa vilevile ukiwasha. Draiva iliyolala imechanganyikiwa itaamka imechanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza upya, au ushikilie Shift wakati unabonyeza Shut down.

Kinachogoma hasa ni hiki: kwenye Hibernate kadi ya Wi-Fi hukatiwa umeme, na ikiamka inabidi draiva iiandae upya tangu mwanzo. Draiva mbovu, au isiyoendana na toleo lako la Windows, inaendelea kuongea na kadi kana kwamba haikulala.

Usibadilishe chochote kabla hujajua kilichokufa. Bonyeza Windows+X, ingia Device Manager, fungua "Network adapters". Kadi ikiwa ipo bila alama yoyote na umeunganishwa, ila kurasa hazifunguki, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ruta haijakupa anwani; andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew, na draiva usiiguse. Kadi ikiwepo lakini huoni mtandao hata mmoja, hakikisha "Airplane mode" imezimwa, halafu fungua Command Prompt kama msimamizi uandike net stop wlansvc na net start wlansvc. Ukikuta pembetatu ya njano yenye Code 10 (yaani kifaa kimeshindwa kuanza), au kadi haionekani kabisa, hapo tatizo ni draiva au umeme wa kadi.

Anza na Fast Startup: Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", kisha "Change settings that are currently unavailable", ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup". Wengi watakuambia upige powercfg /h off. Inafanya kazi, ila inafuta na Hibernate yenyewe, na kwa mtu mwenye betri iliyochoka na umeme wa kukatikakatika hiyo ni hasara.

Halafu rudi Device Manager, bonyeza kadi mara mbili, kichupo cha "Power Management", ondoa tiki ya "Allow the computer to turn off this device to save power". Kichupo kisipokuwepo usihangaike; mashine nyingi zenye usingizi wa aina mpya (powercfg /a itakuonyesha S0) hazina. Draiva ichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine, kwa modeli kamili iliyoandikwa chini yake. Zile programu za "kusasisha draiva zote" achana nazo. Kama ugonjwa ulianza baada ya Windows kujisasisha, jaribu kwanza "Roll Back Driver". Ikiwa imefifia, draiva ya zamani haikuhifadhiwa.

Ikiwa kadi inaonekana ila bado inazubaa, acha mashine ijiponye yenyewe. Kwenye Task Scheduler (programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe) tengeneza kazi mpya, kianzio kiwe "On an event": Log ni System, Source ni Power-Troubleshooter, Event ID ni 1. Kitendo ni powershell.exe, na kwenye "Add arguments" weka:

-Command "Start-Sleep 10; Restart-NetAdapter -Name 'Wi-Fi'"

Jina hilo la 'Wi-Fi' lilingane na linaloonyeshwa ukiandika Get-NetAdapter kwenye PowerShell. Weka tiki "Run with highest privileges", na kwenye Conditions ondoa ile ya kufanya kazi kwenye umeme wa chaja tu. Hiyo ya mwisho husahaulika sana, ndiyo maana kazi inafanya vizuri mezani halafu inagoma ukiwa kwenye betri.

Siku Restart nayo ikishindwa kuirudisha kadi, zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha jaribu. Ikikataa, fungua kifuniko cha chini na uchomoe waya wa betri ya ndani kabla ya kugusa kitu kingine. Kadi za M.2 hushikwa na skrubu moja. Ichomoe, uirudishe hadi ikae sawa. Waya mbili za antena zinyanyue wima kwa ukucha. Ukizivuta kwa upande, kisoketi kinang'oka kwenye kadi, na hapo unanunua nyingine.