Kumtuliza mama kabla ya upasuaji

Pole dada, na mama mpe pole. Umeuliza kama muziki, kukandwa na mitishamba vinaweza kumpunguzia hofu kabla ya kutolewa uvimbe wa kizazi wiki ijayo.

Muziki, ndiyo kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2013 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulijumlisha tafiti 26 zenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ukaona kusikiliza muziki kabla ya upasuaji hupunguza hofu. Achague mwenyewe anachopenda: kwaya, kaswida, taarabu za zamani. Aanze leo nyumbani, huku akipumua polepole: avute hewa puani akihesabu hadi nne, aitoe akihesabu hadi sita, kwa dakika tano hivi. Kumkanda mikono taratibu ni sawa, tumbo liacheni.

Mitishamba hapana, na hapa naomba unisikilize sana. Vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo na ginseng vinaweza kuongeza kuvuja damu, na dawa nyingine za miti huingiliana na dawa za usingizi. Kama ameshakunywa chochote, hata alicholetewa na jirani, mwambieni daktari wa usingizi ni nini na alikunywa lini. Asifiche kwa aibu.

Muulize pia anaogopa nini hasa. Mimi kabla ya upasuaji wa ngiri niliogopa kuzinduka katikati. Daktari wa usingizi alikaa nami dakika kumi akanieleza watakavyonifuatilia, na usiku ule nikalala.