Binokula Inatetemeka, au Mikono?

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi uliopita niliwaomba wenye binokula za bei ya kati mniandikie zinavyowatendea mkiwa nazo shambani, porini au juu ya jabali. Kwa bei ya kati nilimaanisha laki tatu hadi laki nane: si zile zinazotembezwa stendi pamoja na miwani ya jua, wala si Swarovski ambayo ukitaja bei yake Mgogo anaanza kuhesabu ng'ombe. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Mimi mwenyewe nimestaafu uafisa kilimo baada ya miaka mingi ya kuwafukuzia kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza nafaka shambani, Bahi, Chamwino na Manyoni, kwa hiyo ya Bahi nimeipa nafasi kubwa. Wengine mnisamehe.

*Shikamoo Mama. Kikundi chetu cha wakulima wa mpunga hapa Bahi tulichangishana tukanunua binokula ya 10x50 kwa laki nne na nusu, tuwahi kuwaona kwelea kabla hawajatua. Mwenzetu mmoja anayo ya elfu themanini iliyoandikwa 60x60, na kila siku anatucheka. Yetu inatetemeka, na ikifika saa nne asubuhi picha inachemka kama maji ya ugali. Tumepigwa? – Mkulima, Bahi*

Marahaba mwanangu. Aliyepigwa ni huyo anayewacheka. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mwambieni alete yake, na mmoja wenu aje na rula ya mtoto wa shule. Kwanza mpime kioo cha mbele. Kisha muishike mbali na uso, urefu wa mkono, mkiielekeza kwenye anga jeupe (jua liwe mgongoni, tafadhali, jua likiingia kwenye binokula linaunguza jicho). Mtaona kiduara cha mwanga kwenye kioo cha kuchungulia. Kipimeni nacho, halafu mgawanye upana wa kioo cha mbele kwa upana wa kiduara. Jibu ndilo ukuzaji wake wa kweli. Ya 60x60 ya kweli ingekuwa na kiduara cha milimita 1, ungekuwa unachungulia dunia kupitia tundu la sindano. Yenu itatoa milimita 5, na hapo ndipo mwanga wa alfajiri unapoingilia.

Najua hesabu hiyo kwa sababu niliilipia. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua ya kwangu kwa sehemu kubwa ya mshahara. Iliandikwa 30x, vioo vyake vyekundu kama karanga mbichi. Kuja kuipima, kioo kilikuwa milimita 35 na kiduara milimita 4. Haifiki hata mara 9.

Sasa mtetemo. Binokula ikikuza ndege mara 10, inakuza na kutetemeka kwa mikono yako mara 10. Na 10x50 inakaribia kilo moja. Dakika tatu tu mabega yanalia. Usiitumie umesimama wima katikati ya jaruba kama mlingoti. Kaa chini, viwiko juu ya magoti. Au egemea mti. Au fanya alivyonifundisha mchunga ng'ombe mmoja wa Chipanga: simamisha fimbo mbele yako, ishike juu kwa mkono mmoja, laza binokula juu ya ngumi. Pia tazameni mbele, pale bawaba inapokutana: nyingi za aina hiyo zina kifuniko kidogo, chini yake kuna tundu la skrubu la kufungia kwenye stendi ya miguu mitatu.

Kuchemka hakuna dawa dukani. Hiyo ni hewa, si kioo. Ardhi ya Bahi ikishapata moto, hewa inapanda kwa matabaka na kila tabaka linapinda mwanga kivyake. Hata ya mamilioni itachemka. Pandeni juu, hata kichuguu kinasaidia, kwa sababu hewa iliyo karibu na udongo ndiyo mbaya zaidi. Na muhimu kuliko yote, badilisheni saa. Saa nne kwelea wenu wameshashiba. Muwe shambani saa kumi na mbili asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni, makundi yanaporudi kulala. Hapo msiangalie ndege, angalieni njia: wanaelekea kichaka kipi cha migunga au matete gani. Dawa hunyunyizwa jioni wakishatua malaloni, kwa hiyo afisa kilimo anachotaka kwenu ni mahali wanapolala, si habari kwamba kwelea ni wengi. Wingi anaujua. Ndege mmoja ana uzito wa kama gramu 20 na hula kama gramu 10 kwa siku. Wakiwa milioni moja, hizo ni tani 10 kila siku.

Kingine: tazameni midomo. Msimu wa kuzaa mdomo wa dume ni mwekundu, wa jike hugeuka njano. Mkiona midomo ya njano ndani ya migunga pamoja na viota vya majani mabichi, hao hawapiti, wamehamia. Ile binokula yangu ya vioo vyekundu ilizungushia kila kitu ukingo wa zambarau, njano sikuiona, nikaandika kwenye taarifa "wanapita". Mayai yao hutotoa baada ya kama siku 10 tu. Vifaranga vilipoanza kuruka, mtama wa kijiji kile ulibaki mabua. Nilipita tena pale mwaka uliofuata, mama mmoja akanikaribisha uji, hakusema neno. Ningependelea angenitukana.

*Asalaam aleikum Dada. Nafundisha Kondoa, na wanafunzi wangu hupenda kutazama pimbi kwenye majabali ya Kolo. Nina Nikon Prostaff 8x42, nzuri kwa kila mtu isipokuwa mimi mwenye miwani. Naona kiduara kidogo tu, pembeni giza. – Mwalimu, Kondoa*

Waaleikum salaam Mwalimu. Zungusha vile vikombe vya mpira vya machoni hadi viingie ndani kabisa. Vinapochomoza ni kwa ajili ya asiye na miwani. Wewe vinakusukuma mbali na picha. Kama umeshafanya hivyo na bado giza lipo, basi miwani yako inakaa mbali na jicho, na unahitaji binokula inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ile tunayoitupa na boksi.

Wanafunzi nao wasipeane hivihivi. Kila mtoto akunje bawaba mpaka aone duara moja. Kisha afumbe jicho la kulia, alenge kwa gurudumu la kati. Afumbe la kushoto, arekebishe ile pete ya jicho la kulia bila kugusa gurudumu. Robo ya barua nilizopata mwezi huu, zile za "binokula yangu haina makali", ugonjwa wake ni pete hiyo tu.

*Mama, shikamoo. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji upande wa Mtera. 8x42 yangu ina miaka miwili. Gurudumu linasaga kama jiwe la kusagia, vioo vina mikwaruzo, na mpira wa nje unanata kama ulimbo. Naifuta kila siku kwa kanga safi ya mke wangu. – Askari, Mtera*

Marahaba. Ndiyo maana ina mikwaruzo. Kanga haina kosa, kosa ni vumbi. Vumbi letu ni mchanga uliosagwa, na mchanga ni jiwe. Ukifuta kabla ya kuliondoa unakwangua kioo, na kinachotoka kwanza ni ule utando mwembamba wa rangi unaopunguza mng'ao. Nenda duka la dawa, nunua kile kipira cha kunyonyea makamasi ya watoto wachanga, kipya bila shaka. Ndicho kipulizio changu kwa miaka yote. Puliza kwanza ukiwa umeiinamisha binokula, vumbi lianguke chini. Lililogoma lipanguse kwa brashi laini. Kitambaa ni cha mwisho kabisa, kile cha miwani, na usifute kila siku. Kioo chenye vumbi kidogo kinaona vizuri kuliko kioo safi chenye mikwaruzo.

Kunata nadhani najua, maana Mtera ina mbu. Dawa ya kujipaka yenye DEET hulainisha mpira na plastiki. Ukipaka, nawa viganja kabla ya kuishika, au paka kwa mgongo wa mkono. Gurudumu usilitie mafuta ya cherehani. Mafuta yataita vumbi jingine na yanaweza kupenya hadi ndani. Lipulize, lizungushe mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, uliache. Na usiku isilale dirishani. Yangu inalala kwenye hotpoti kuukuu, mfuniko umebana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Wajukuu wameshazoea kwamba hotpoti ile haina wali.

*Shikamoo Mama. Niko Manyoni, naendesha bodaboda na kupeleka wageni kutazama ndege. Nilianguka, binokula ikapiga lami. Vioo vizima, lakini sasa naona tai wawili palipo na mmoja na kichwa kinauma. Fundi simu anasema anaweza kuifungua. – Bodaboda, Manyoni*

Pole, na wewe mwenyewe umepona? Hukuandika.

Usimpe. Ndani kuna vipande vya kioo vinavyopinda mwanga ili picha isikae kichwa chini, na kimoja kimesogea, kwa hiyo mirija miwili haitazami tena mahali pamoja. Kuhakikisha, tazama mnara wa simu ulio mbali, kisha sogeza binokula polepole kutoka usoni huku ukiendelea kuutazama. Minara ikiachana, ndiyo hivyo. Kuirudisha kunahitaji chombo cha kulinganisha, na fundi simu hana. Mimi ya kwangu nilimpa fundi mmoja mjini, hodari kweli wa redio. Akanirudishia na skrubu moja kwenye karatasi, akasema "hii ilizidi". Asubuhi ya kwanza ya baridi ikajaa ukungu ndani, kwa sababu zisizoingiza maji hujazwa gesi ya naitrojeni na kufungwa, na ukishaifungua imekwenda. Kama una risiti, soma dhamana yake kwanza: Vortex, kwa mfano, hutengeneza au kubadilisha hata iliyoangushwa. Kama huna, funika upande mmoja na uitumie kwa jicho moja kama nahodha, hadi upate nyingine. Kichwa kitaacha kuuma.

*Shikamoo Bibi. Nasoma UDOM. Nina laki sita za akiba na nimechanganyikiwa: rafiki mmoja ana Celestron Nature DX 8x42 anaisifu, mwingine ana Nikon Monarch M5 ya 10x42 na anasema 8 ni za wazee. Mimi nataka kutazama kasuku wadogo wa kijani wenye ukosi wa njano wanaopiga kelele kwenye mibuyu. – Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mjukuu wangu, mzee amekusikia. Chukua 8x42. Kasuku hao hawatulii. Wanatoka mbuyu huu hadi ule kabla hujamaliza kulenga, na ya 8 inakuonyesha eneo pana zaidi kwa hiyo huwapotezi. Zina uzito wa gramu mia sita na kitu, shingo inavumilia. Ya 10 ya rafiki yako ni nzuri kwa Hombolo, mwari wakiwa katikati ya bwawa na wewe ukingoni. Kati ya Celestron na Nikon nenda ukazishike zote mbili jioni, saa kumi na mbili na robo, ukatazame gome la mti lililo kivulini. Tofauti ya bei iko hapo. Mchana wa jua kali hutaiona. Kama muuzaji hakuruhusu kutoka nje ya duka, muage.

Usiende nayo karibu na kambi ya jeshi wala Ikulu ya Chamwino hata kama kasuku wameenda huko. Utaeleza habari za ndege mpaka usiku.

Kasuku wako wanaishi Tanzania tu kwa asili yao, na kanda yetu hii ya kati ndiyo kwao. Hulala na kutaga kwenye matundu ya miti. Tafuta tundu moja, keti mbali nalo, uhesabu wanaoingia jioni tatu mfululizo. Niandikie idadi na aina ya mti, usitaje mahali, maana watega ndege nao wanasoma gazeti hili.